Tembe Iliyogeuka Mrenda: Namna ya Kuchagua Umbo la Dawa Dukani

Mama mmoja aliingia dukani kwetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, asubuhi akiwa amebeba kikombe cha plastiki kilichofunikwa kwa sahani. "Daktari, hebu niangalilie hii kitu," akasema. Mimi si daktari. Nilisomea dawa, na kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta, lakini Nairobi ukivaa koti jeupe tayari umeshapewa shahada. Ndani ya kikombe kulikuwa na ute mzito unaovutika kama mrenda uliotiwa magadi ya kutosha. Ilikuwa tembe ya homa ya mafua aliyotumiwa na mwanawe kutoka Texas. Mama mwenyewe hawezi kumeza tembe kubwa, kwa hivyo huziponda kwa kijiko na kuzikoroga kwa maji. Hii ilikataa kupondeka, na ilipoguswa na maji ikawa hivyo.

"Imeoza, ama wameweka kitu?"

Haikuwa imeoza. Kitu wameweka, tena makusudi, na nitakieleza mbele. Swali lake la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika haya. Alitoa pakiti ya Marekani mkobani, akanionyesha orodha ya vitu vilivyochanganywa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Mbona hawa wameandika vitu hivi vyote, na zako haziandikwi chochote?"

Zangu pia zimeandikwa. Shida ni mkasi. Mtu akija na shilingi kumi anataka Panadol mbili, siwezi kumlazimisha anunue pakiti nzima. Nakata mbili kwenye stripu, natia kwenye kibahasha cha karatasi, anaenda zake. Kwenye pakiti inabaki ile karatasi ya maelezo iliyokunjwakunjwa, ambayo ndiyo inayosema tembe imetengenezwa kwa nini mbali na dawa yenyewe. Jioni naitupa. Wanaolalamika kwamba viwanda vinaficha wana haki yao, na nitawapa mbele kidogo, ila sehemu kubwa ya siri za Umoja na Kayole hufichwa na watu kama mimi, kwa kutafuta chenji.

Kwa hivyo acha nilinganishe maumbo matano ya dawa moja, parasetamoli (Panadol ni jina lake moja la dukani), kwa sababu ndiyo kila nyumba hununua. Kisha nitarudi kwa mrenda.

Kwanza, kuna nini ndani?

Dawa yenyewe mara nyingi ni punje tu. Piriton, tembe ya mzio, ina miligramu 4 za dawa. Ukiwekewa hiyo peke yake kidoleni utadhani ni vumbi. Kilichobaki ni visaidizi: cha kujaza ili tembe ishikike mkononi, cha kugandisha, cha kuifanya ipasuke tumboni, cha kuzuia unga usinate kwenye mashine, cha rangi. Mwaka 2019 watafiti wa MIT na hospitali ya Brigham and Women's ya Boston walipekua rekodi za maelfu ya dawa za kumeza za Marekani, wakakuta kwamba kwa wastani karibu robo tatu ya uzito wa tembe si dawa, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dawa hizo zina angalau kisaidizi kimoja kinachoweza kumsumbua mtu fulani mahali fulani. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ilikuwamo katika karibu asilimia 45.

Usishtuke upesi. "Mtu fulani" ndilo neno la kushikilia hapo. Wengi wetu Waafrika tukifika utu uzima tumbo halisagi laktosi vizuri, isipokuwa jamii za wafugaji ambazo zimerithi uwezo huo. Mwaka 2007 wanajenetiki walionyesha kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao la jeni, tofauti na lile la Wazungu. Lakini glasi ya maziwa ya mililita 250 ina laktosi gramu 12 hivi, na tembe huwa na chini ya nusu gramu. Kama unakunywa chai ya maziwa bila tumbo kuunguruma, tembe haitakuangusha. Anayepaswa kuhesabu ni yule anayemeza tembe nyingi tofauti kila siku na ambaye hata kijiko cha maziwa humkimbiza chooni.

Parasetamoli yenyewe ni ya kipekee. Dozi yake ni kubwa, miligramu 500, kwa hivyo hakuna nafasi ya kujaza mengi. Ndiyo maana tofauti kati ya umbo na umbo zinaonekana wazi, kama utakavyoona kwenye la kuyeyusha.

Tembe nyeupe ya kawaida

Hii ndiyo ningemnunulia mamangu. Wanga wa mahindi (binamu wa unga wa ugali), povidoni ya kugandisha, magnesiamu stearati kidogo, pengine selulosi. Basi. Ya jeneriki iliyotengenezwa hapa Nairobi na ile ya jina kubwa zina dawa ileile, miligramu zilezile, na zote lazima zisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Wateja wengine huapa kwamba ya bei ghali "inashika". Sibishani nao tena. Wakilipa, wamelipa.

Ubaya wake ni uchungu, na hunata kooni ukiimeza na mate tu kama wafanyavyo makondakta. Kwa Waislamu na wasiokula nyama kuna jambo moja: mafuta yanayotengeneza magnesiamu stearati yanaweza kutoka kwa mimea au kwa wanyama, na karatasi mara nyingi haisemi ni yapi. Hapo kiwanda kweli kinanyamaza. Jina la kisaidizi kimeandika, asili yake hakijaandika, na kiasi chake mara nyingi hakiandikwi.

Iliyopakwa, na kapsuli

Haya mawili nayapitia haraka. Tembe iliyopakwa utando laini huteleza, haina uchungu, na rangi yake nyeupe inayong'aa mara nyingi ni titani dioksaidi, E171. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 2022 baada ya wataalamu wake kusema hawawezi tena kuihesabu kuwa salama kwa chakula, lakini ukaiacha kwenye dawa kwa muda kwa sababu kuibadilisha ghafla kungeleta uhaba. Mtu anayemeza tembe mbili kwa mwezi sioni sababu akose usingizi kwa hilo.

Kapsuli ni hadithi ya ganda. Ganda la kawaida ni jelatini, na jelatini ni ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe iliyochemshwa. Wateja wangu Waislamu wanaotoka Isili na South C huuliza kabla hata ya kuuliza bei. Wa Kihindu wa Parklands huuliza swali lilelile kwa sababu iliyo kinyume, kwa kuwa la ng'ombe ndilo linalowakera. Yako maganda ya mimea, yanayoandikwa hipromelosi, na ukiyataka utayapata zaidi kwenye vitamini kuliko kwenye dawa za homa. Kwa parasetamoli hakuna haja ya kuumiza kichwa: tembe ya kawaida ipo, haina ganda, na ni rahisi zaidi. Kapsuli za homa zina kasoro nyingine kubwa kuliko ganda. Nyingi huchanganya parasetamoli, kafeini, dawa ya mzio na ya kufungua pua katika kifurushi kimoja, na mtu humeza hiyo halafu akaongeza Panadol juu, asijue amejipa parasetamoli mara mbili.

Ya kuyeyusha yenye povu

Hapa nitakaa.

Povu hutokana na magadi na asidi ya limau kukutana majini, na magadi hayo ni sodiamu baikaboneti. Kila tembe ya kuyeyusha ya parasetamoli miligramu 500 hubeba sodiamu ya takriban miligramu 400 hivi. Anayemeza nane kwa siku, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, amekunywa gramu tatu na zaidi za sodiamu kabla hajaonja mchuzi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku kutoka vyakula vyote, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi.

Nina mteja, mwalimu mstaafu, ambaye huchukua dawa za presha kwangu kila mwisho wa mwezi. Presha yake ilikuwa na kiburi. Mkewe alikwisha kuficha chumvi. Mzee alikuwa akila sukumawiki iliyochemshwa kwa maji na huzuni. Siku moja akaniambia, akiwa ameshika goti, "Nipatie zile za povu, daktari, hizo huenda mbio."

"Mwalimu, unakunywa ngapi?"

"Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni. Goti likikataa, mbili usiku."

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Siku goti linapokataa, sodiamu ya kwenye glasi peke yake ilikuwa zaidi ya mara moja na nusu ya kiwango cha siku nzima. Hakuna aliyemficha: kwenye kisanduku imeandikwa. Ila yeye alikuwa akikatiwa, mbili kwa leo, nne kwa kesho, katika maduka tofauti njiani kutoka stejini, na kisanduku hakuwahi kukiona. Nilimbadilishia tembe za kawaida. Presha ilishuka. Sitadai ni kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa wiki ileile kliniki ilimwongezea dawa.

Jambo hili si la goti moja la Umoja. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofuata rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni moja wa Uingereza, ukakuta kwamba waliokuwa wakipewa dawa zenye sodiamu nyingi walipata presha mara saba zaidi ya wenzao waliopewa dawa zilezile zisizo na sodiamu, na kiharusi zaidi kwa asilimia 22. Utafiti wa rekodi hauwezi kuthibitisha kila kitu. Lakini kwa mwenye presha, moyo dhaifu au figo zinazolegea, sioni kwa nini abahatishe wakati tembe ya kawaida iko rafu ya pili.

Niongeze mambo mawili kabla hujamkimbilia mzee wako. Moja, parasetamoli ya kawaida nayo si malaika: jaribio la Edinburgh lililochapishwa 2022 lilionyesha kwamba wenye presha waliomeza gramu 4 kila siku kwa wiki mbili walipanda kwa karibu milimita 5 za presha ya juu. Kumeza siku mbili tatu ni kitu kimoja, na kumeza kila siku mwaka mzima ni kitu kingine. Pili, usiikimbie povu ukaangukia diclofenac au Brufen za kila siku, kwani hizo hupandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Huko ni kuruka majivu ukakanyaga moto.

Na kwa kuwa tumetaja povu: ile Eno ya baada ya nyama choma ina sodiamu takriban miligramu 850 kwa pakiti ya gramu 5. Pale magadi ndiyo dawa yenyewe, si kisaidizi, lakini mishipa yako haijui tofauti hiyo.

Usichanganye povu na tembe za watoto zinazolowekwa, kama zile za zinki za kuharisha au za amoksilini wanazotoa kliniki. Hizo hulainika majini kimyakimya, bila magadi. Si ndugu.

Dawa ya maji

Ya watoto. Hapa hofu ya vitu vilivyofichwa ina mizizi, na si kwa sababu ya rangi nyekundu.

Rangi kwanza, ili tuiondoe njiani. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton walitoa matokeo kwamba mchanganyiko wa rangi fulani za viwandani pamoja na sodiamu benzoeti uliwachangamsha watoto kupita kiasi. Tangu 2010 vyakula vya Ulaya vyenye rangi hizo huandikwa onyo. Chache kati ya rangi hizo utazikuta kwenye dawa za maji pia: E102 ya manjano, E122 nyekundu. Kuna pia sukari: sharubati ya kawaida ya kitabu cha dawa cha Uingereza ni theluthi mbili sukari kwa uzito. Kwa mtoto mwenye homa ya siku mbili haya ni madogo. Kwa mtu mzima mwenye kisukari anayekunywa dawa ya kikohozi kama chai, si madogo. Aulize isiyo na sukari, akijua kwamba sorbitoli inayowekwa badala yake ikizidi huharisha.

Kubwa ni hili. Parasetamoli haipendi maji. Ili iyeyuke, watengenezaji huongeza gliserini au propilini glaikoli. Zote mbili ni ute mtamu usio na madhara kwa kiasi kinachotumika. Lakini kuna ute mwingine mtamu, wa bei rahisi, unaofanana nazo machoni na ulimini: diethilini glaikoli, ya viwandani. Hiyo huua figo. Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi kwa diethilini glaikoli bila kuipima kama ni sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, karibu theluthi moja wakiwa watoto, na mwaka uliofuata Marekani ikapata sheria ya kulazimisha dawa zithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Ungedhani somo liliisha hapo. Mwaka 2008 watoto zaidi ya 80 walikufa Nigeria kwa dawa ya kutuliza ufizi. Mwaka 2022 ikawa Gambia, watoto karibu 70, dawa za kikohozi na homa. Aprili 2024 Bodi yetu ya Famasia na Sumu iliagiza kundi moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani baada ya wakaguzi wa Nigeria kutangaza kwamba wameikuta sumu hiyo ndani yake. Mtengenezaji alisema baadaye kwamba vipimo vyake havikuiona.

Sasa utaona kwa nini siwacheki akina mama wanaouliza "wameweka nini". Sumu hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote. Huingia ikiwa imevaa jina la gliserini, kwenye pipa, kabla dawa haijapikwa. Hakuna kusoma kutakakokuokoa hapo. Kinachookoa ni kiwanda kupima kila pipa na bodi kufuatilia. Wewe mnunuzi una mambo mawili tu ya kufanya. Nunua chupa iliyofungwa, kwenye duka lililosajiliwa, si kwenye kibanda cha matatu wala kumiminiwa kwenye chupa ya soda. Na usitupe chupa hadi mtoto apone, maana namba ya bechi iko pale, na siku tangazo likitoka redioni ndiyo utakayohitaji.

Mtoto aliye na umri wa kumeza, mpe tembe. Si kwa hofu tu. Kijiko cha chai cha nyumbani ni kipimo kibaya sana.

Sasa mrenda

Turudi kwa kikombe. Tembe ya Texas ilikuwa na sudoefedrini, ambayo hufungua pua vizuri kweli. Shida yake ni kwamba wapishi wa mihadarati huigeuza methamfetamini. Marekani ilitia saini sheria Machi 2006 iliyoiondoa kwenye rafu: haiuzwi tena wazi, unaonyesha kitambulisho, jina lako linaandikwa, na kwa siku moja huuziwi zaidi ya gramu 3.6. Baadaye kampuni chache zikaenda mbele zaidi na kutengeneza tembe zenyewe ziwe ngumu kuchezewa. Nexafed na Zephrex-D ni majina mawili ya aina hiyo. Huchanganywa na polima zinazoshika dawa: ukiponda na kutia maji inakuwa ute, na kuichuja dawa kutoka humo ni kazi ya kuchosha.

Kwenye orodha ya Marekani polima hizo zimeandikwa. Kanuni ya 1999 inadai dawa za dukani ziwe na jedwali la maelezo la mpangilio mmoja, na visaidizi hupangwa humo kwa alfabeti. Kwa alfabeti, si kwa wingi. Kwa hivyo polietilini oksaidi, mojawapo ya polima hizo, iliyowekwa kumzuia mpishi wa meth, inakaa kati ya wenzake kama abiria wa kawaida. Jina lipo. Sababu ya kuwamo haipo, kiasi hakipo. Hilo ndilo nililomaanisha niliposema wanaolalamika wana haki yao.

Je, mtu wa kawaida anaumia? Anayemeza tembe nzima na glasi ya maji, la. Anayeponda, anayelishwa kwa mrija, au anayemeza na mate akiwa na koo jembamba ana sababu ya kuikwepa, kwa kuwa inavimba na inanata.

Kuna njia nyingine mbili za kumzuia mtumiaji mbaya, na nikizilinganisha hii ya ute naiona ya katikati. Ya kwanza ni kutia kitu kinachoadhibu. Dawa ya kuharisha ya difenoksileti, jamaa wa afyuni, huwekewa atropini makusudi: miligramu 2.5 kwa 0.025. Ukimeza kama ulivyoambiwa huihisi. Ukimeza nyingi kutafuta kulewa, mdomo unakauka, moyo unakimbia, unajuta. Mtoto mdogo akiziokota sakafuni hajui kwamba onyo hilo halikuwa lake. Ndiyo maana mtu akiniomba dawa ya kuharisha ya mtoto simpi hiyo hata anipe elfu. Nampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki. Mantiki hii ya kuadhibu ni ya kale. Wakati wa marufuku ya pombe, serikali ya Marekani iliamuru spiriti za viwandani zitiwe methanoli zaidi ili zisinyweke. Zikanyweka, na watu wakafa.

Hata ute una historia chafu kwenye dawa kali za maumivu. Opana ER ilibadilishwa mwaka 2012 ili isipondeke na kuvutwa puani. Watumiaji wakahamia sindano. Tennessee wakaonekana wagonjwa wa damu kuharibika, na wachunguzi wakakihusisha kisaidizi kilekile cha ute kuingia mshipani; kaunti ya Scott, Indiana, mwaka 2015, watu zaidi ya 180 wakapatikana na virusi vya UKIMWI kwa kushirikiana sindano. Juni 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiomba kampuni iiondoe sokoni.

Njia ya pili ni kuacha tembe kama ilivyo na kupunguza idadi. Uingereza tangu 1998 duka la kawaida haliuzi zaidi ya tembe 16 za parasetamoli kwa pakiti, na duka la dawa 32. Nikipewa kura, naipigia hii. Haiongezi kitu tumboni mwa mtu. Na kwa kejeli fulani, mkasi wangu umekuwa ukifanya kazi hiyo miaka yote, ila bila karatasi.

Kuhusu homa yenyewe, yako makopo mengine ya Marekani ambayo badala ya sudoefedrini yana fenilefrini, kwa sababu hiyo haihitaji kitambulisho. Usisumbuke nayo. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka yao, wote 16, lilisema fenilefrini ya kumeza haifungui pua. Maji ya chumvi puani yatakusaidia zaidi, na hayapitii forodha.

Jambo moja zaidi kwa wanaotumiwa vifurushi na watoto wao. Kwenye dawa za Marekani parasetamoli huitwa acetaminophen. Ni kitu kilekile. Ukimeza ya Texas na kuongeza ya Umoja, umezidisha, na ini halisomi lugha.

Nilimweleza mama haya yote, kwa ufupi zaidi. Kisha nikamuuliza kama ana presha, kwa kuwa sudoefedrini huipandisha.

"Kidogo tu," akasema.

"Unatumia dawa gani?"

Akaingiza mkono mkobani tena, akatoa kibahasha cha karatasi chenye mwandiko usio wangu. Ndani mlikuwa na nifedipini za kutoka polepole, zile za miligramu 20, zilizokatwa kwenye stripu na kubaki bila jina upande mmoja. Nikauliza, nikijua jibu, anazimezaje.

"Naponda na kijiko. Hizo hazinisumbui kama hii."

Nikaviweka viwili kando kwa kando kwenye kaunta. Ya Texas ilikuwa imejikinga dhidi ya kijiko chake. Hii nyingine haikuwa na kinga. Kinachoifanya itoke polepole kwa saa nyingi ni namna ilivyotengenezwa pamoja na visaidizi vyake, na kila asubuhi alikuwa akivunja kazi hiyo kwa kijiko na kujipa dozi ya nusu siku kwa mkupuo.

"Ndiyo maana kichwa hunigonga saa tatu?"

Nikamwambia inawezekana, na kwamba asiache dawa wala asiiponde tena. Nikampima, ilikuwa 158 kwa 96. Nikapigia simu kliniki yake mbele yake, nikaomba wamwone mchana ule na wafikirie amlodipini ya kawaida, ambayo ni ndogo na ikibidi hupondeka bila kuharibika. Kwa homa nikampa parasetamoli nyeupe za jeneriki, tembe kumi ndani ya pakiti yake, na karatasi. Aliikunjua palepale kwenye benchi, akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu.

Kikombe alikiacha kwangu.